Jinsi ya kuandaa kikao cha kutazama mahubiri na makala za video za imani: mwongozo kwa anayeanza

Maswali ninayoulizwa kuhusu vikao hivi ni yaleyale kila mwezi. Tununue TV au projekta? Bando kiasi gani linatosha? Tuwaoneshe watu nini? Watu wakianza kubishana nani atawatuliza? Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, ili ukitaka kuanza kwenye usharika wako, jumuiya yako, msikiti wako au hata sebuleni kwako, usipite kwenye mashimo niliyoangukia mimi.

Kikao chetu kiko Morogoro, Jumamosi moja kila mwezi. Siku ya kwanza kabisa niliwaonesha watu mahubiri ya saa mbili kuhusu siku za mwisho. Picha zilikuwa nzuri, muziki unatetemesha kifua. Mhubiri alisema chapa ya mnyama, ile ya kitabu cha Ufunuo katika Biblia, imeshaanza kugawiwa, imo kwenye kadi na kwenye alama za vidole. Video ikaisha, tukaomba, tukaagana. Mlangoni bibi mmoja wa mtaani kwetu akanishika mkono. Alifungua mkoba wake wa kitenge, akatoa kitambulisho chake cha taifa kilichofungwa kwenye kipande cha nailoni, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, hiki sasa nikichome?"

Kwa kitambulisho kile ndipo alisajili laini ya simu ambayo wanawe humtumia hela ya chakula. Nilimwambia, "Hapana bibi, kitunze." Kwa nini akitunze, sikuweza kumweleza, maana hata mimi nilikuwa naiona video ile kwa mara ya kwanza, nimekaa hatua mbili kutoka alipokaa yeye.

Anayehubiri kanisani kwenu unaweza kumfuata baada ya ibada ukamuuliza. Shehe wa mtaani unaweza kumgongea mlango. Aliye kwenye skrini haulizwi. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinahusu kuuliza kuliko waya na mashine.

Uwe na vitu hivi kabla hujaanza

- Skrini. Kwa watu wasiozidi 20, TV ya inchi 43 inatosha kabisa. Wakizidi hapo tafuta projekta. Soma kwenye boksi kipimo cha mwanga kinachoitwa lumeni za ANSI. 3,000 zinafaa kwa ukumbi mdogo wakati wa usiku. Projekta ndogo za bei ya chini huandikwa namba kubwa za lumeni bila neno ANSI. Usitoe hela kabla hujaiona ikiwaka.
- Shuka jeupe lililopigwa pasi na kuvutwa pembe zote nne, kama ukuta si mweupe.
- Spika ya waya. Mtu huvumilia picha hafifu, lakini sauti isiyosikika humfanya aondoke. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua spika.
- Laptopu, waya wa HDMI wa mita 5 au 10, eksitensheni na flashi ya GB 32.
- Umeme. Angalia uniti za LUKU mchana, usisubiri taa zizimike watu wakiwa wameshakaa.
- Watu watatu: wa kuongoza mazungumzo, wa kutafsiri, na wa mitambo. Mtu mmoja hawezi kufanya yote matatu.
- Biblia au Kurani yenye tafsiri ya Kiswahili, daftari na kalamu.
- Baraka ya kiongozi wa dini wa mahali hapo. Mweleze mapema mnataka kutazama nini na kwa nini. Mchungaji au imamu akisikia habari hizi kutoka kwa watu wengine, kikao kitakufa kabla hakijazaliwa.

Hatua ya 1: Tafuta swali, kisha video

Wengi huanza kinyume. Mtu ametumiwa kitu kwenye WhatsApp, kimemgusa, anataka wote wakione. Anza na jambo linalowasumbua watu wako sasa hivi: mikopo ya simu na riba zake, mtoto aliyehama dini, mgonjwa anayeambiwa aache dawa, mvua zisizoeleweka, simu mikononi mwa watoto, akili mnemba (AI) inayoandika mahubiri. Liandike kwa sentensi moja yenye alama ya kuuliza. Swali likigoma kuandikika kwa sentensi moja, bado hujalipata.

Hatua ya 2: Chagua video mbili fupi zinazozungumza

Mahubiri moja na makala moja, kila moja dakika 15 hadi 20. Mahubiri yanaeleza nini tunapaswa kuwa. Makala inaonesha watu wakijaribu kuwa hivyo, au wakishindwa.

Mfano uliotufaa ni swali hili: "Kutunza mazingira ni ibada au ni siasa?" Upande wa mafundisho upo waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', na wapo masheikh wanaofundisha kuhusu binadamu kuwa khalifa, yaani mwakilishi, wa Mungu duniani. Upande wa makala unaweza kutafuta habari za misitu inayozunguka makanisa ya Kiothodoksi huko Ethiopia, ambako miti imebaki kwa sababu imezunguka nyumba ya Mungu huku ardhi ya pembeni ikilimwa yote. Au habari ya kisiwa cha Misali, Pemba, ambako mafundisho ya Kurani yalitumika kuzungumza na wavuvi kuhusu uvuvi haramu wa baruti. Ukumbi wetu ulikaa kimya kusikia hiyo ya Misali. Mzee mmoja aliyewahi kuvua huko pwani alisimama akaeleza baruti inavyofanya: samaki wachache huelea, wengi huzama, na mwamba hubaki kifusi. Hakuna video ingeweza kutupa hilo.

Hatua ya 3: Itazame peke yako mara mbili

Hatua hii usiiruke. Mara ya kwanza tazama kama muumini, ikuguse kama itakugusa. Mara ya pili tazama na kalamu, ukiandika dakika na kinachosemwa. Ukurasa mmoja wa daftari langu uko hivi:

*dk 2:15 – "wanasayansi wamethibitisha." Wapi? Lini?*
*dk 6:40 – Ufunuo 13:16–17. Tusome sura yote, si mistari miwili.*
*dk 9:05 – picha ya umati. Ya nchi gani?*
*dk 14:30 – namba ya kutuma sadaka imeanza kupita chini. Haitoki tena.*
*dk 17:00 – SIMAMISHA. Nikiamini hili, kesho asubuhi nitafanya nini tofauti?*

Swali hilo la mwisho nalirudia kwa kila video. Ningeliuliza siku ile, ningejua kabla ya bibi kwamba jibu lake linaweza kuwa kuchoma kitambulisho.

Hatua ya 4: Kagua madai

Kukagua si kukosa imani. Watu wa Beroya wanasifiwa kwenye Matendo 17:11 kwa sababu walimsikiliza Paulo, kisha wakayachunguza maandiko kila siku waone kama ndivyo yalivyo. Na Sura ya 49 ya Kurani, Al-Hujurat, aya ya 6, inaagiza habari ikiletwa na mtu asiyeaminika ichunguzwe kwanza, msije mkawadhuru watu kwa kutojua.

Fanya hivi:

1. Fungua kila andiko lililotajwa na usome sura nzima. Kwa hadithi ya Mtume Muhammad, muulize ustadhi imo kwenye kitabu gani na wanazuoni wanaipa daraja gani.
2. Kama ulichonacho ni kipande cha dakika mbili, tafuta hotuba nzima. Vipande vingi hukatwa pale mhubiri anaponukuu maneno ya mtu mwingine ili ayapinge, halafu husambazwa kana kwamba ni yake.
3. Picha unayoitilia shaka ipigie skrinishoti, iingize Google Lens uone imewahi kutokea wapi.
4. Angalia midomo na meno ya msemaji. Siku hizi akili mnemba inaweza kumfanya kiongozi yeyote wa dini aseme chochote kwa sauti yake mwenyewe. Kama kauli nzito haipo kwenye ukurasa wake rasmi au wa taasisi yake, iache.
5. Angalia tarehe. Mahubiri ya miaka kumi iliyopita huzungushwa kila mara kama ya juzi.

Onyo zito. Video yoyote inayomwambia mtu aache dawa, afunge bila kikomo, auze mali yake au ajitenge na ndugu zake, usiioneshe hata kama sehemu nyingine zote ni tamu. Kwenye msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, kuanzia mwaka 2023 ilifukuliwa miili ya zaidi ya watu 400, watoto wakiwamo, wengi wao waumini wa kanisa moja waliohimizwa kufunga. Mahubiri ya kanisa lile yalikuwa yakirushwa kwenye televisheni na mtandaoni, na watu walikuwa wakiyatazama majumbani kwao kama wewe na mimi tunavyotazama.

Hatua ya 5: Omba ruhusa ya mwenye kazi

Kutazama kwenye simu yako ni jambo moja, kuonesha ukumbini ni jingine. Waandikie wenye video ujumbe mfupi: ninyi ni nani, mtaonesha lini, hamtozi kiingilio. Huduma nyingi za dini hukubali kwa furaha, na baadhi hutuma faili safi kuliko lile la mtandaoni. Kwenye YouTube unaweza pia kuchuja video zenye leseni ya Creative Commons. Kwa makala za makampuni makubwa, uliza Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, au kama uko Kenya, KECOBO. Msitoze kiingilio. Sanduku la sadaka nalo lisiwe mlangoni.

Hatua ya 6: Pakua na ujaribu siku mbili kabla

Usitegemee intaneti usiku wa kikao. Mkishapata faili au ruhusa ya kulipakua, pakua kwa ubora wa 480p au 720p. Kwa makadirio, saa moja ya 480p hula nusu GB hivi, na ya 1080p hupita GB moja na nusu, wakati kwenye shuka watu hawataona tofauti kubwa. Pakua usiku kama mtandao wako una bando la usiku.

Flashi nyingi huja zimefomatiwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalozidi GB 4. Likigoma kunakiliwa huku nafasi ipo, sababu ni hiyo. Fomati kwa exFAT baada ya kuhamisha vilivyomo. Kisha cheza video yote, si dakika ya kwanza tu, kwenye mashine ileile mtakayotumia.

Hatua ya 7: Mwandae mkalimani

Video nzuri nyingi ni za Kiingereza au Kiarabu. Maandishi ya chini hayawafai wazee, na yanayojiandika yenyewe hukosea sana majina na maandiko. Tumia mtu. Mpe video siku tatu kabla, na orodha ya maneno magumu mliyokubaliana.

Tunawafahamu watafsiri wa vibanda umiza, vile vya kuoneshea filamu mtaani, wanaoongeza vionjo mpaka filamu inakuwa yao. Kule ni burudani na watu wamelipia hicho. Huku mkalimani akiongeza neno lake, atakuwa amemtia mhubiri maneno mdomoni mbele ya watu wasioweza kumsahihisha. Mwambie hivyo waziwazi. Akitaka kutoa maoni, asubiri mazungumzo kama wengine.

Hatua ya 8: Panga ukumbi

Viti nusu duara, watu waonane nyuso. Wazee na wenye macho hafifu mbele. Projekta iwe juu ya meza ambayo hakuna anayepita mbele yake, waya zibandikwe sakafuni kwa utepe wa gundi. Watoto wawe na shughuli yao pembeni na mtu mzima. Makala za vita na majanga si zao.

Muda nao ni heshima. Sisi huanza saa mbili kasorobo usiku, giza likiwa limetulia, na saa tatu na nusu tunafunga hata kama mada imenoga, kwa sababu kuna kina mama wanaotembea kwa miguu hadi Kihonda.

Hatua ya 9: Fungua, onesha, simamisha

Sema sentensi tatu tu: swali letu leo ni lipi, tutakachotazama kimetoka kwa nani na lini, na kwamba tutasimamisha njiani. Kisha sala fupi au dua.

Simamisha kila dakika 7 hadi 10, kwenye alama ulizoweka daftarini. Mwanzoni watu watanung'unika, wamezoea kutazama moja kwa moja. Wape vikao viwili. Cha tatu wao wenyewe watakuambia "simamisha hapo." Ukisimamisha, uliza "Amesema nini?" kabla ya "Mnaonaje?" Utashangaa watu kumi wanavyosikia mambo kumi kutoka mdomo mmoja.

Hatua ya 10: Mazungumzo

Yape muda mrefu kuliko video. Maswali matatu yanatosha:

- Kipi kimethibitishwa, na kipi kimesemwa tu?
- Nani hakupewa nafasi ya kuzungumza kwenye video hii?
- Nikiamini hili, kesho asubuhi nitafanya nini tofauti?

Anza na vijana, umalizie na wazee. Mzee akitangulia, kijana aliyelelewa vizuri hatampinga, na hapo mazungumzo yamekwisha. Waeleze wazee sababu mapema. Wetu waliipokea vizuri. Katibu aandike maswali yaliyobaki bila majibu, yasomwe mwanzo wa kikao kijacho.

Makosa ninayoyaona mara nyingi

*Kuonesha midahalo ya dini kwa dini mbele ya mchanganyiko wa watu.* Kanda za video za mhubiri wa Kiislamu Ahmed Deedat wa Afrika Kusini zilipita mikono mingi hapa Tanzania, na mihadhara ya uwanjani ilifuata nyayo zake, Waislamu na Wakristo kwa zamu. Zina historia yake na mtu anaweza kuzisoma kwa faida. Ila zimetengenezwa ili upande mmoja ushinde, na aliyeshindwa ukumbini ni jirani yako ambaye kesho mtachota naye maji bomba moja.

*Kuchagua mhubiri mmoja tu kila mwezi.* Baada ya nusu mwaka mtakuwa wafuasi wake bila kujua.

*Kuacha namba ya sadaka ipite kwenye skrini.* Funika sehemu ile ya chini kwa karatasi, au kata video. Watu wetu hutuma hela wakiwa wameguswa, na wengine hutuma ya ada ya shule.

*Kuwaaibisha wanaoamini video uliyoikosoa.* Kosoa hoja, mwache mtu na heshima yake.

Mambo yakikwama

Picha ipo, sauti haitoki kwenye spika. Ukichomeka HDMI, laptopu hupeleka sauti kwenye TV au projekta. Bofya alama ya spika kwenye kompyuta uchague spika yako, au chomeka spika kwenye tundu la sauti la projekta.

Midomo inatangulia sauti. Ni spika ya Bluetooth. Tumia waya.

TV inaandika kwamba faili halitambuliki. Mara nyingi video imebanwa kwa mfumo wa H.265 na TV ni ya zamani. Icheze kwenye laptopu kwa programu ya VLC, au ibadilishe iwe MP4 ya H.264.

Picha imepanuka juu kuliko chini. Sawazisha projekta iangalie shuka moja kwa moja, kisha tumia kitufe cha kurekebisha pembe.

Projekta inajizima katikati. Imepata joto. Isogeze kutoka ukutani, safisha kichujio cha vumbi, iache ipoe kwa dakika kumi na tano.

Umeme umekatika. Usiwaage watu. Washa tochi ya simu, endelea na mazungumzo kwa mlichokwisha kuona. Kikao chetu kimojawapo bora kilikuwa cha dakika kumi na mbili za video na saa nzima ya giza.

Hakuna anayezungumza. Wagawe wawili wawili kwa dakika tano, kisha kila jozi itoe neno moja.

Mmoja anazungumza peke yake. Mshukuru, mtaje mwingine kwa jina: "Mama fulani, wewe umeionaje?" Akirudia, mfuate pembeni baada ya kikao, si mbele ya watu.

Ugomvi unapanda. Simama. Soma kwa sauti swali la usiku huo kutoka daftarini, na muulize kila mmoja wa wagomvi aseme hoja ya mwenzake mpaka mwenzake akiri "ndiyo, nimesema hivyo." Wakishindwa, funga kwa sala na uwatembelee wote wawili wiki hiyohiyo.

Mtu anakufuata mlangoni na swali usiloliweza. Liandike mbele yake, mwambie siku utakayomletea jibu, na siku hiyo uende kwake. Kwa bibi yule nilikwenda Jumanne, baada ya kukaa na mchungaji jioni nzima. Nilimwamkia, akanipa kigoda, tukasoma Ufunuo 13 yote, mimi nikisoma na yeye akinisimamisha. Aliuliza mengi. Tulipofika mwisho alikifunga kitambulisho kwenye nailoni yake, akakirudisha mkobani, akasema nije tena Jumanne ijayo tusome sura ya 14.